Charlie Chaplin: Askari Asiyeletewa Barua

Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mizinga kunyamaza huko Ulaya, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa jeshi la Wajerumani alisalimisha silaha zake katika mji wa Mbala, ambao siku hizo uliitwa Abercorn. Hapo ndipo Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha katika bara letu. Miongoni mwa waliopumua siku zile ni tengatenga, wale wapagazi waliobebeshwa unga na risasi, waliochukuliwa katika vijiji vya kaskazini ya Zambia ya leo, tangu Mbala na Kasama hadi bonde la Luapula na nchi ya Mofwe iliyo karibu na Ziwa Mweru. Pamoja nao walikuwako askari wa Northern Rhodesia Police, kikosi kilichokuwa polisi wakati wa amani na jeshi wakati wa vita. Wengi wao walikuwa hawajapata habari za nyumbani kwa miezi mingi. Tengatenga hakuwa na posta, na hata kama ingalikuwapo, wachache mno walijua kusoma.

Mwezi mmoja na siku chache kabla ya hapo, tarehe 20 Oktoba 1918, filamu fupi ya kuchekesha ilikuwa imetolewa Marekani. Iliitwa "Shoulder Arms", jina lililotolewa katika amri ya gwaride ya kuweka bunduki begani. Ndani yake mna tukio ambalo kila mtu aliyewahi kukaa kambini hulitambua upesi. Barua zimefika handakini. Majina yanaitwa moja baada ya jingine, na kila mwenye jina anapokea barua yake au furushi lake, kisha anajitenga nalo. Jina la askari mmoja mfupi, mwenye masharubu madogo, haliitwi. Anajifanya hajali. Halafu anamwona mwenzake aliye lindoni akisoma barua. Anamnyemelea kwa nyuma, anachungulia juu ya bega lake, anaisoma barua isiyo yake. Mwenye barua akitabasamu, naye hutabasamu. Mwenye barua akisononeka, naye uso humnyauka. Habari za jamaa asiowajua zinamfurahisha na kumhuzunisha kama za nyumbani kwake, mpaka mwenyewe anageuka na kumkuta. Watazamaji hucheka, lakini kicheko chenyewe kina mwiba ndani yake.

Aliyelitunga tukio hilo, akaliongoza na kulicheza, alikuwa Charles Spencer Chaplin, ambaye dunia nzima ilimwita Charlie. Alikuwa na umri wa miaka 29 na alilipwa fedha nyingi kuliko karibu mchezaji yeyote wa wakati wake. Hata hivyo jambo la kukosa barua hakulisoma kitabuni.

Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1889 katika London ya kusini. Baba yake, aliyeitwa Charles kama yeye, na mama yake Hannah walikuwa waimbaji wa majumba ya burudani. Baba aliipenda chupa kuliko nyumba yake, akaihama familia mtoto angali mdogo. Hannah akabaki na Charlie pamoja na Sydney, ndugu yake Charlie wa tumbo moja, aliyemzidi miaka minne.

Watazamaji wa kwanza wa Chaplin walikuwa askari. Hilo ni jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka, nami naona si haki kulipita katika ukurasa huu. Aldershot ni mji wa kambi za jeshi nchini Uingereza, na mnamo mwaka 1894 Hannah aliimba hapo katika ukumbi mmoja duni uliojaa askari wa vyeo vya chini. Sauti yake ikakatika katikati ya wimbo. Askari, kama walivyo askari wanapokuwa wengi na gizani, wakamzomea na kuiga sauti yake mpaka akatoka jukwaani. Msimamizi wa ukumbi, asijue la kufanya, akamshika mkono mtoto wa miaka mitano aliyekuwa amesimama pembeni, akamwacha peke yake mbele ya taa. Mtoto akaimba. Sarafu zikaanza kumwagika jukwaani. Akakatisha wimbo na kuwaarifu wakubwa wale kwamba ataziokota kwanza, ndipo aendelee. Ukumbi ukaangua kicheko. Msimamizi alipokuja na leso kumsaidia kuokota, mtoto alidhani anaibiwa, akamfuata unyounyo kwa wasiwasi mpaka alipoona fedha zimefika mikononi mwa mama yake, kicheko kikazidi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto na hakujua ubaya wake, akaimba wimbo wa mama yake na kuigiza hata jinsi sauti ilivyokatika. Wale wale waliomzomea mama wakampigia makofi mwana. Chaplin mwenyewe ndiye aliyeyasimulia haya alipokuwa mzee, na kwa masimulizi yake sauti ya Hannah haikurudi tena.

Baada ya hapo ilikuja njaa. Mwaka 1896 Hannah na wanawe wawili waliingia katika nyumba ya maskini ya Lambeth, mahali ambapo mama alitengwa na watoto na wote walivishwa nguo za serikali. Watoto walipelekwa shule ya mafukara huko Hanwell. Charlie alinyolewa kichwa kwa ajili ya mashilingi, akapakwa dawa na kutengwa na wenzake.

Mwezi Agosti 1898 Hannah alibuni hila ambayo karani yeyote wa ofisi ya serikali ataielewa. Aliomba kutolewa pamoja na wanawe. Wakarudishiwa nguo zao, karatasi zikatiwa sahihi, wakatoka. Walikwenda katika bustani ya Kennington, wakacheza mpira uliotengenezwa kwa magazeti yaliyokunjwa na kufungwa kamba, wakala matunda, wakakaa pamoja mchana kutwa. Jioni wakarudi mlangoni kuomba kupokewa upya, na wakubwa wa nyumba, kwa hasira nyingi, wakalazimika kuandika karatasi zote tena tangu mwanzo. Filamu zote za Chaplin zimo ndani ya siku ile: fukara asiye na silaha anaishinda serikali kwa mchana mmoja, na usiku ukiingia yumo ndani tena.

Mwezi uliofuata akili ya Hannah ilivurugika, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Baba alifariki mwaka 1901 kwa ulevi, akiwa na umri wa miaka 38. Mwaka 1903 ugonjwa wa mama ulirudi. Sydney alikuwa baharini, akifanya kazi melini, kwa hiyo Charlie, mwenye umri wa miaka 14, ndiye aliyemwongoza mama yake kwa miguu hadi hospitali na kumkabidhi. Alirudi katika chumba kitupu. Siku zilizofuata aliishi kwa kuzurura mitaani, akimkwepa mwenye nyumba, akila alichokipata, mpaka Sydney aliporejea.

Miaka ya kujifunza kazi tuipite upesi. Alicheza michezo ya kuigiza akiwa kijana, akaingia mwaka 1908 katika kundi la Fred Karno lililokuwa stadi wa vichekesho visivyo na maneno, akaenda nalo Marekani mara mbili, na mwishoni mwa mwaka 1913 akaajiriwa na kampuni ya filamu ya Keystone kwa dola 150 kwa wiki. Keystone ilijulikana kwa polisi wake wa kuchekesha, kundi zima likianguka, likigongana na kuporomoka toka garini. Wasomaji wetu walio polisi na wasamehe. Katika sinema, mtu mwenye rungu na cheo akianguka hupendeza zaidi kuliko fukara akianguka, maana fukara hana mbali pa kuangukia.

Mwezi Februari 1914 Chaplin alitokea kwa mara ya kwanza akiwa na suruali pwaya, koti la kubana, viatu vikubwa, kofia ndogo ya duara na kifimbo. Mtu huyo hakuwa na jina, wala kazi, wala mahali pa kulala. Alikuwa mzururaji, na uzururaji ni kosa ambalo kila polisi wa nchi zilizotawaliwa na Waingereza alifundishwa kulikamata. Lakini mzururaji huyu alivua kofia kwa adabu mbele ya kila mtu, hata mbele ya mti alioupamia. Katika muda wa miaka miwili alifahamika duniani kote. Mwaka 1916 kampuni ya Mutual ilimpa mkataba wa dola 670,000 kwa mwaka. Ni mtu aliyekuwa na mapato hayo, na kwa muda aliishi katika chumba kimoja cha klabu ya wanamichezo mjini Los Angeles.

Kwa Mutual alitengeneza filamu fupi kumi na mbili, na mbili kati ya hizo ni lazima zielezwe. Ya kwanza ni "One A.M." ya mwaka 1916. Mtu mlevi anarudi nyumbani saa saba ya usiku. Ukimwondoa dereva wa teksi mwanzoni, hakuna mtu mwingine katika filamu nzima. Nyumba ndiyo adui: meza inazunguka, ngazi zinamrudisha chini, pendulamu ya saa inamtwanga kichwa, na kitanda kinachokunjwa ukutani kinapigana naye kama mnyama, mpaka anakwenda kulala ndani ya beseni la kuogea. Watu walicheka kuona mtu akipigwa na vitu vyake mwenyewe. Ukiitazama mara ya pili utagundua kwamba hakuna mtu wa kumfungulia mlango, wala wa kumwuliza alikuwa wapi.

Ya pili ni "Easy Street" ya mwaka 1917, na hii ni ya polisi. Mzururaji anaingia kanisani, anaiba sanduku la sadaka, anaona haya mbele ya binti wa misheni na kulirudisha, kisha anaona tangazo la kuajiri mbele ya kituo cha polisi. Kituo kinahitaji watu kwa sababu wale waliokuwapo wanaletwa kwa machela. Anapewa kofia na rungu na kupangiwa mtaa mbaya kuliko yote, unaotawaliwa na jitu moja linalowatia hofu hata polisi wenyewe. Anampiga yule mbabe rungu kichwani mara kadhaa, na mbabe hatikisiki. Ili kuonyesha nguvu zake, mbabe anaipinda nguzo ya taa ya barabarani. Polisi mdogo anamrukia mgongoni, anakitia kichwa chake ndani ya taa na kumlewesha kwa gesi. Katika kuifanya kazi hiyo Chaplin aliumizwa puani na taa ile. Mtaa wenyewe haukupambwa: mna mke anayepigwa, mna mama anayeiba chakula kwa ajili ya watoto wake, na mna mtu anayejidunga dawa za kulevya, ambaye sindano yake polisi wetu anaikalia bila kujua na kupata nguvu za kuwashinda wahalifu wote. Yule mama anapoiba, polisi hamkamati. Anamwongezea vitu kutoka dukani. Ni mzaha mweusi, na mitaa hiyo Chaplin aliijua kwa nyayo zake.

Vita vilipopamba moto Ulaya, baadhi ya watu walimwita mwoga. Alipelekewa manyoya meupe kwa posta, ishara ya Waingereza ya kumtukana mwanamume asiyekwenda vitani. Huyo ambaye angeigiza baadaye askari asiyepata barua, barua alizopata ni hizo. Askari wenyewe hawakuwa na neno naye. Filamu zake zilionyeshwa nyuma ya mstari wa mapigano, na katika hospitali za majeruhi zilielekezwa darini ili wasioweza kuinuka waone wakiwa wamelala chali. Mwezi Aprili 1918 alizunguka Marekani kuuza hati za mkopo wa vita pamoja na Mary Pickford na Douglas Fairbanks. Mjini Washington, kwa masimulizi yake, alihutubia kwa bidii hata akateleza toka jukwaani na kumwangukia afisa mmoja kijana wa wizara ya majeshi ya majini, Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais.

Rafiki zake walimwonya kwamba kuchekesha juu ya vita wakati watu wanakufa ni hatari. Akaitengeneza "Shoulder Arms" hata hivyo. Handaki limejaa maji, na askari analala chini ya maji akipumua kwa paipu ya gramafoni. Anajigeuza gogo la mti na kutembea katikati ya adui. Anawateka maadui kumi na watatu peke yake, na hata mfalme wao anamkamata, sehemu ya mfalme ikichezwa na Sydney, yule ndugu aliyerudi toka baharini. Mwisho anaamshwa hemani: yote ilikuwa ndoto ya kuruta. Askari waliorudi toka mahandakini waliipenda kuliko filamu za ushujaa, na sababu si ngumu kuijua. Mlikuwamo matope, chawa, na siku ya barua.

Filamu hizo zilifika Afrika pia. Katika makambi ya wachimba dhahabu karibu na Johannesburg, mmisionari Mmarekani Ray Phillips alianza kuzionyesha kwa wafanyakazi, nao wakampa Chaplin jina lenye maana ya mlevi mdogo. Mwezi Machi 1922, mgomo wa wachimbaji wazungu ulipogeuka mapigano na Waafrika wakauawa, Phillips alipeleka mashine yake kambini na kuwaonyesha sinema usiku, ili watu waliokuwa na kila sababu ya kutoka kulipiza kisasi wabaki ndani wakicheka. Waliosifu jambo hilo walisema sinema imeokoa roho. Huenda. Lakini kicheko kilichotumiwa kama kufuli la lango kinamfikirisha mtu, hasa mtu ambaye kazi yake ni kulinda malango.

Vijana wa Mofwe njia yao haikuwa ya Johannesburg. Wao waliandikishwa na kampuni ya Robert Williams kwenda migodi ya shaba ya Katanga, wakarudi na Kiswahili; na samaki wa Mweru walivushwa hadi Kasenga, ambako wafanyabiashara Wagiriki waliwanunua kulisha mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Hivyo lugha hii ilikuja ziwani kwa mkataba wa mgodi na kwa kapu la samaki. Sinema nayo ilifuata. Katika miaka ya 1940 Idara ya Habari ya Rhodesia ya Kaskazini ilituma magari yenye jenereta, mashine ya picha, shuka nyeupe na mtu wa kueleza kwa kipaza sauti. Filamu za mafunzo zilimhitaji sana mtu huyo. Picha za Chaplin hazikumhitaji: zilikuwa bubu tangu kuzaliwa kwake, na Mbemba, Mlunda na mgeni kutoka ng'ambo ya ziwa waliweza kucheka kwa pamoja bila mkalimani.

Tarehe 7 Julai 1919 Chaplin alipata mtoto wa kiume kwa mke wake wa kwanza, Mildred Harris. Mtoto alikuwa na kilema na aliishi siku tatu tu. Siku chache baada ya mazishi Chaplin alikuwa akiwakagua watoto wa kuigiza katika filamu mpya. Filamu hiyo, "The Kid" ya mwaka 1921, inamhusu mzururaji anayeokota kitoto jalalani na kumlea chumbani kwake darini, mpaka maofisa wa serikali wanapokuja na gari kumchukua mtoto kwenda nyumba ya mayatima. Wengine wamemlaumu kwa kufanya kazi na kaburi la mwanawe bado bichi. Mimi naona kwamba hakuwa na njia nyingine ya kulia.

Mwaka 1925 ilifuata "The Gold Rush", si fupi tena, yenye wachimba dhahabu wanaokufa njaa katika theluji. Mzururaji anachemsha kiatu chake na kukila kwa adabu, akinyonya misumari kama mifupa. Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa peremende nyeusi. Usiku wa kuamkia mwaka mpya anaandaa meza kwa wageni walioahidi kuja. Anaotea meza imejaa, anawachezesha mikate miwili kama miguu ya mchezaji ngoma, wageni wanashangilia. Anaamka, saa imepita na viti ni vitupu.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali kazini hata kwa wampendao, aliwaoa wasichana wadogo mno kwake, na ndoa zake tatu za kwanza zilivunjika, mojawapo mahakamani mbele ya macho ya dunia. Mwaka 1940 alimkejeli Hitler, aliyezaliwa siku nne tu baada yake, katika "The Great Dictator". Mwaka 1943, akiwa na miaka 54, alimwoa Oona O'Neill, msichana wa miaka 18, na ndoa hiyo ikadumu hadi kifo na kuzaa watoto wanane. Wakati huo huo polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walikuwa wakijaza jalada lake kurasa kwa mamia, wakimshuku kuwa mkomunisti. Waliwaomba wapelelezi wa Uingereza wamtafutie cheti cha kuzaliwa; hakikuonekana popote. Mwezi Septemba 1952, akiwa melini kuelekea London, aliarifiwa kwamba ruhusa yake ya kurudi Marekani imefutwa. Alihamia Uswisi, katika kijiji cha Corsier-sur-Vevey, juu ya ziwa. Marekani aliirudia kwa siku chache tu mwaka 1972, kupokea tuzo na kupigiwa makofi ya dakika nyingi. Mwaka 1975 Malkia wa Uingereza alimpa cheo cha heshima, yeye aliyekuwa ameshindwa kusimama, akakipokea kitini. Alifariki alfajiri ya Krismasi ya mwaka 1977, akiwa na miaka 88.

Hapo ndipo mtu angedhani hadithi imekwisha. Mwanzoni mwa Machi 1978, watu wawili mafundi wa magari, wakimbizi wa kutoka Ulaya ya Mashariki wasio na fedha, walifukua kaburi usiku, wakalichukua jeneza, kisha wakaanza kupiga simu kudai fedha. Mjane Oona alikataa kulipa. Polisi wa Uswisi walitega simu ya nyumbani kwake na kuweka walinzi katika vibanda vya simu vya umma vipatavyo 200, polisi mmoja mmoja akisimama peke yake kungoja mtu wa kuja kupiga simu juu ya maiti. Mwezi Mei walimnasa mmoja, na wa pili akafuata. Wezi walikuwa wamelizika jeneza katika shamba la mahindi la mtu asiyehusika kabisa, karibu na kijiji cha Noville, na tarehe 17 Mei lilichimbuliwa. Chaplin alizikwa upya mahali pake pa kwanza, safari hii chini ya zege. Mkulima mwenye shamba, kwa upande wake, alisimamisha msalaba wa mti pale yalipokuwa mahindi yake, akautundika kifimbo.